Mageuko ni sayansi au imani? Tuiulize barabara ya Mazeras

Mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Mombasa huingia somo la Biolojia asubuhi, akaambiwa kwamba viumbe wote, yeye akiwemo, wana asili moja na wamebadilika polepole kwa mamilioni ya miaka. Kengele ya mapumziko ikishalia anaingia Elimu ya Dini, ya Kiislamu au ya Kikristo, na huko habari ya mwanadamu inaanza na Adamu na udongo. Hakuna anayemwambia afanye nini na masomo hayo mawili. Akiuliza, jibu huwa fupi: "Wewe andika kama ilivyo kitabuni, upate maksi." Basi huandika. Mtihani ukimtaka ataje ushahidi wa mageuko, anataja: visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa maweni), ulinganisho wa viungo, viinitete, mtawanyiko wa viumbe. Akitoka nje ya ukumbi anaendelea kushika alichokuwa ameshika tangu madrasa au shule ya Jumapili.

Naanza hapo kwa sababu wanaodai kwamba mageuko ni dini nyingine iliyovaa koti jeupe la maabara wana hoja kubwa kuliko wanavyodhani. Kwa jinsi tunavyoyafundisha, yamegeuka kweli kuwa kama dini, tena dini dhaifu: orodha ya kukariri, mamlaka ya kitabu, na adhabu ya alama kwa anayepotoka. Anayeyakubali kwa sababu kitabu cha shule kimesema, na anayeyakataa kwa sababu video ya WhatsApp imesema, wako hali moja. Wote wawili wamepokea tu. Lakini hilo ni kosa la ufundishaji, na swali lenyewe bado linasimama: je, mageuko yenyewe ni jambo la kuamini, au ni jambo la kupima?

Bila kipimo huu ni ubishi wa barazani usio na mwamuzi. Dai haliwi la kisayansi kwa sababu ni la kweli. Vitabu vya historia ya sayansi vimejaa madai yaliyokubaliwa karne nzima kisha yakatupwa. Wala haliwi la kisayansi kwa wingi wa maprofesa wanaoliunga mkono. Linakuwa la kisayansi pale linaposema waziwazi ni kitu gani kikionekana litakuwa limeanguka, kisha likamruhusu yeyote, hata adui, aende kukitafuta. Imani haikuahidi kufanya hivyo. Ukimwuliza Mwislamu ni matokeo gani ya maabara yatakayomtoa kwenye tauhidi, au Mkristo ni yapi yatakayomfanya aache ufufuo, umeuliza swali lisilo mahali pake. Mwanabiolojia hana kinga hiyo. Ukimwuliza ni kitu gani kingemfanya aachane na mageuko, sharti awe na jibu, na akikosa jibu, basi wanaosema anahubiri wamesema kweli.

Karl Popper, mwanafalsafa aliyeifanya hoja hii ijulikane duniani, aliwahi kuandika kwamba nadharia ya Darwin ya uteuzi asilia, yaani kwamba wanaoyafaa mazingira yao hubaki na kuzaa zaidi, haipimiki, kwamba ni mpango wa kifalsafa tu. Maneno hayo yanasambazwa mpaka leo. Kinachoachwa nje ni kwamba mwaka 1978 alijirudi kwa maandishi, akasema amebadili mawazo yake kuhusu kupimika kwa nadharia hiyo.

Kutoka Mji wa Kale hadi Taru

Jibu la mwanabiolojia kwa swali letu liko chini ya matairi ya kila matatu inayotoka Mombasa kwenda Voi. Sijui kwa nini walimu hawalitumii.

Anza Mji wa Kale. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, ni ya mawe ya matumbawe, na sehemu ya chini ya kuta zake imechongwa kwenye mwamba wenyewe. Ukisogea karibu unaona maumbo ya matumbawe na kombe ndani ya jiwe. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mwamba huo: ni miamba ya baharini iliyokuwa hai wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Viumbe waliomo wanafanana sana na wale ambao mvuvi wa Nyali au Likoni anawajua.

Vuka Makupa. Ukifika Changamwe na Miritini, jiwe si lile tena. Hapa ni tope la bahari ya kale lililoganda, lenye umri wa takriban miaka milioni 150 hadi 160, na ndani yake wanajiolojia wameokota amoniti, wanyama wenye kombe lililojiviringa, jamaa wa mbali wa ngisi na pweza. Hakuna amoniti hata mmoja aliye hai leo popote duniani. Endelea hadi Mazeras. Mawe ya Mazeras unayajua hata kama hujawahi kufika huko, kwa sababu yamesakafia nyua za nusu ya Kenya. Ni mchanga wa kale ulioshikana, wa karibu miaka milioni 200, na ndani yake kuna magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Pita Mariakani. Ukifika kwenye matabaka yaitwayo Maji ya Chumvi umerudi nyuma karibu miaka milioni 250, na visukuku vyake ni samaki wa aina ambazo hazipo tena. Taru ni ya kale zaidi. Baada ya hapo, kuelekea Voi na milima ya Taita, unakanyaga mwamba wa msingi uliopikwa kwa joto na mgandamizo zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Matabaka hayo yamelala kimshazari kuelekea baharini, ndiyo maana ya chini, yaani ya zamani, yanachomoza juu kadiri unavyokwenda bara. Mpangilio huo haukutungwa na wafuasi wa Darwin. Kanuni ya kuyasoma matabaka kwa visukuku vyake ilikuwa inatumika Uingereza tangu siku za William Smith, mpimaji wa mifereji aliyechapisha ramani yake ya miamba mwaka 1815. Mmoja wa waliotia majina kwenye enzi za kale za dunia, Adam Sedgwick, alikuwa kasisi wa Kianglikana. Ndiye aliyemfundisha Darwin jiolojia, na kitabu cha Darwin kilipotoka mwaka 1859 alikikataa kwa ukali. Watu hao hawakuwa na sababu ya kupanga visukuku ili kuyafurahisha mageuko. Walivipanga kwa sababu ndivyo walivyovikuta.

Basi hili hapa jibu. Mtu akivunja mwamba wa Maji ya Chumvi usiovurugwa, akakuta ndani yake fupa la ng'ombe, fuvu la mtu au hata jino la sungura, mageuko kama tunavyoyajua yamepata pigo ambalo sioni namna ya kulikwepa. Hahitaji kibali cha profesa. Barabara iko wazi, machimbo yako wazi, na kampuni za kuvunja mawe huchimba huko kila siku bila kujali nadharia ya mtu. Kwa karne mbili watu wamekuwa wakichimba matabaka ya namna hii duniani kote, wengine wakitafuta mafuta, wengine makaa ya mawe, na fupa hilo halijapatikana mahali pasipostahili.

Wapo wanaosema hii ni hila: eti mawe hupewa umri kwa visukuku, na visukuku hupewa umri kwa mawe. Ingekuwa hivyo ingekuwa aibu. Lakini nani yuko juu ya nani katika matabaka ni jambo la kuona kwa macho. Miaka yenyewe huhesabiwa kwa njia isiyohusu viumbe kabisa: urani iliyonaswa ndani ya chembe za miamba ya volkano hubadilika kuwa risasi kwa kasi inayojulikana, na uwiano wa viwili hivyo hupimwa. Kwa njia ya jamii hiyo Clair Patterson alipata mwaka 1956 umri wa dunia wa takriban miaka bilioni 4.55, na haujasogea sana tangu hapo. Inafaa kukumbuka kwamba umri huu ungeweza kutoka vingine. Lord Kelvin, mwanafizikia mkubwa wa wakati wake, mwishowe alihesabu kwamba dunia ina miaka milioni 20 hadi 40 tu, na hesabu zake za awali za namna hiyo zilimkosesha Darwin usingizi kwa sababu muda huo haukutosha. Kelvin angekuwa sahihi, nadharia ya Darwin ingekufa mikononi mwa fizikia.

Kutokukuta fupa lisilostahili ni nusu ya mambo. Nusu ya pili ni kusema mapema utakuta nini. Neil Shubin na wenzake walijiambia: kama wanyama wa nchi kavu walitokana na samaki, basi kwenye mwamba wa mtoni wa miaka milioni 375 hivi lazima kuwe na kiumbe wa katikati. Wakatafuta kwenye ramani mahali penye mwamba wa umri huo, wakaenda kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, na baada ya misimu kadhaa ya baridi na patupu wakampata mwaka 2004: ana magamba na mapezi kama samaki, lakini ana shingo, na ndani ya pezi mna mifupa ya kiwiko na kifundo. Wakamwita Tiktaalik.

Hapa Pwani tunaye samaki anayetajwa kwa upande wa pili wa mabishano, silakanti, aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 mmoja alinaswa na wavu hapa karibu, nje ya Malindi. "Mbona huyu hakubadilika?" huulizwa. Amebadilika, kiasi kwamba aliye hai amewekwa kwenye jenasi, yaani kundi la spishi, tofauti na wale wa kwenye mawe. Na hata angekuwa hakubadilika sana, nadharia haijawahi kusema kwamba kila kiumbe lazima akimbie kwa kasi moja.

Ndani ya damu yetu

Mtu anaweza kusema mawe ni ya zamani na hakuna aliyekuwepo. Sawa. Tuje kwenye jambo ambalo familia nyingi za Pwani zinalijua kwa machozi: selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita.

Mtoto akirithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama, chembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu yake hayaelezeki. Zamani wengi wao hawakufikia utu uzima. Sasa fikiri kama Darwin: jeni inayoua watoto kabla hawajazaa inapaswa kupungua kizazi hadi kizazi mpaka iishe. Mbona haijaisha? Kwa juujuu hii ni hoja dhidi ya uteuzi asilia.

Anthony Allison alikulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alizunguka nchi akikusanya sampuli za damu, na akakuta jambo la ajabu. Kwa jamii zilizo karibu na Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 ya watu walibeba nakala moja ya jeni hiyo. Kwenye nyanda za juu zilizo katikati, chini ya asilimia 1. Waliotofautiana hivyo hawakutenganishwa na lugha wala ukoo. Kilichowatenganisha ni mbu. Allison alikisia kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu na wakati huohuo analindwa dhidi ya malaria, hivyo malaria inapoua wengine yeye hubaki, akazaa, akairithisha. Akapima jamii nyingi zaidi za Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akachapisha.

Dai hilo lilijiweka hatarini kabisa. Lilisema mahali penye malaria kali lazima jeni iwe nyingi, na pasipo malaria lazima iwe haba. Lilisema pia kwamba watoto wenye nakala moja, wakifuatiliwa, wataugua malaria kali mara chache kuliko wenzao. Nusu karne baadaye watafiti walioko Kilifi, mwendo wa gari kutoka hapa, waliwafuatilia watoto wa kweli wa vijiji vya kweli, na wakakuta kinga dhidi ya malaria kali inayokaribia asilimia 90. Kwa hiyo unapouliza kwa nini ugonjwa huu umeelemea Pwani na Nyanza kuliko Nyeri, jibu lililopo ni la uteuzi asilia. Sijasikia jibu jingine linaloeleza ramani hiyo.

Malaria hiyohiyo ilitupa somo la pili, na wenye umri wa miaka arobaini na kupanda walilishuhudia mwilini. Kulikuwa na klorokwini, vidonge vichungu vilivyomfanya mtu ajikune usiku kucha. Vilifanya kazi, kisha vikaanza kushindwa. Katika mabilioni ya vimelea walikuwemo wachache wenye jeni zilizobadilika kidogo kiasi cha kuitema dawa; dawa ikaua wengine, hao wachache wakabaki na uwanja. Mwaka 1998 Kenya iliiacha klorokwini ikaingia kwenye dawa za jamii ya Fansidar, nazo zikachakaa haraka, na mwaka 2004 sera ikahamia kwenye dawa mseto zenye artemisinini, zile ambazo duka la dawa likikupa leo zinaitwa AL. Sehemu ya kusisimua iko Malawi. Wao waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Kama nadharia ni sahihi, usugu ambao hauna tena dawa ya kushindana nayo huwa mzigo, na vimelea visivyo sugu vinapaswa kurudi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba vilikuwa vimerudi, na klorokwini ilikuwa inaponya tena karibu kila mgonjwa aliyepewa.

"Lakini kimelea amebaki kimelea," watu husema, na hii ndiyo hoja bora ya upande wa pili. Mabadiliko madogo tunayakubali, wanasema, ila makubwa, ya kiumbe mmoja kuwa mwingine, hakuna aliyeyaona. Ni kweli hakuna aliyeketi miaka milioni tano akitazama. Lakini jambo lililopita huacha alama, na alama hupimwa. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Sokwe mtu, gorila na orangutani wana 24. Kama tuna asili moja, jozi moja haiwezi kupotea hivihivi, maana kupoteza jeni zote hizo ni kifo. Lililobaki ni kwamba kromosomu mbili za babu huyo ziliungana upande wetu. Kila kromosomu ina alama maalumu kwenye ncha zake, ziitwazo telomia. Muungano ukiwa ulitokea, basi katika kromosomu zetu lazima kuwe na moja yenye alama za ncha mahali ambapo ncha haipaswi kuwa, yaani katikati. Mwaka 1991 watafiti walizikuta katikati ya kromosomu namba 2, mwisho kwa mwisho, zikitazamana. Zingeweza kukosekana. Hapo ndipo sayansi inapotofautiana na imani: ilikuwa na kitu cha kupoteza.

Na hilo la "mbona nyani bado wapo" halistahili ukurasa, ila halifi. Hakuna mwanabiolojia anayesema tumetokana na nyani wala sokwe wa leo. Anasema sisi na sokwe tuna babu mmoja, ambaye hakuwa sokwe wala mtu. Watu wa Pwani wana mfano wake mdomoni. Kiswahili, Kigiriama, Kidigo, Kipokomo na Kingazija ni lugha ndugu, wanaisimu wanaziita kundi la Sabaki, na zote zimetokana na lugha moja ya kale ambayo leo hakuna anayeizungumza. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza: kama Kiswahili kilitoka huko, mbona Wagiriama bado wanasema Kigiriama?

Pale ambapo kweli yalikuwa imani

Ningekuwa mwongo nikiishia hapo, kwa sababu kuna mahali mageuko yalitumika kama imani, na sisi ndio tulioumia.

Darwin mwenyewe alikisia mwaka 1871 kwamba asili ya binadamu huenda ni Afrika, kwa kuwa ndiko waliko sokwe na gorila. Wenzake wengi hawakulipenda wazo hilo. Mwaka 1912 fuvu likatangazwa kutoka Piltdown, Uingereza: ubongo mkubwa, taya la kinyani, na zaidi ya yote, ni Mwingereza. Likapokewa kwa shangwe. Mwaka 1924 fuvu la mtoto lilipatikana Taung, Afrika Kusini, la kiumbe mwenye ubongo mdogo aliyetembea wima, na Raymond Dart alipolitangaza mwaka uliofuata wakubwa wa London walimpuuza kwa miaka mingi. Afrika haikuwa mahali walipotaka kutoka. Mwaka 1953 vipimo vya kikemikali vilithibitisha kwamba Piltdown ilikuwa ghushi: fuvu la mtu na taya la orangutani, vilivyopakwa rangi vionekane vya kale. Video za kuyapinga mageuko huitaja Piltdown kila mara, na wana haki ya kuitaja. Hawasemi tu kwamba walioifichua walikuwa wanasayansi, na kwamba iliangushwa na vipimo pamoja na mafuvu ya Kiafrika yaliyozidi kuongezeka.

Hapa Kenya mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1933 walowezi na madaktari mjini Nairobi waliunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari", wakadai kwa vipimo vya mafuvu na ubongo kwamba akili ya Mwafrika imeishia chini. Lugha yao ilikuwa ya Darwin, lakini hitimisho walikuwa nalo kabla ya kupima. Mzee wa Pwani anayesikia neno mageuko na moyo wake ukakunjamana, akihisi anaitwa nyani kwa mara nyingine, ana historia nyuma yake, na mwalimu anayempuuza kama mshamba hajui kisa chote. Jenetiki ya leo imeyafuta madai ya walowezi hao: tofauti nyingi zaidi za jeni za binadamu ziko ndani ya Afrika kwenyewe, na waliobaki duniani ni tawi la hapa.

Aina nyingine ya imani iko hai bado. Ni ile ya mtu anayetoka kwenye kromosomu namba 2 akaruka moja kwa moja hadi "kwa hiyo hakuna Mungu, na maisha hayana maana". Hakuna mwamba wala jeni inayosema hivyo. Hiyo ni falsafa, na mwenye nayo ana uhuru wa kuishika, ila asiivalishe joho la Biolojia. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga elimu ya kisasa ya mageuko, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma jenomu ya binadamu uliokamilika mwaka 2003, ni Mkristo wa kiinjili.

Nadhani ugomvi mwingi wa mitaa yetu uko kwenye hiyo falsafa, na viumbe wanasingiziwa tu. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili walitaka Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yasiyape nafasi ya mbele mabaki ya Kijana wa Turkana, mifupa ya miaka milioni 1.5 hivi ambayo Kamoya Kimeu aliigundua Nariokotome mwaka 1984. Mifupa haikuwa imesema lolote juu ya Mungu. Upande wa Waislamu kuna pia wale wanaojibu kwa kinyume, kwamba Waislamu walijua mageuko zamani, wakimtaja al-Jahiz wa Basra aliyefariki karne ya 9. Aliandika mambo mazuri juu ya wanyama wanavyowindana na mazingira yanavyowaathiri. Kumfanya Darwin wa Basra ni kumtwisha asichosema.

Ukitaka kuona mpaka wenyewe ulipo, nenda Panga ya Saidi, pango lililo Kaunti ya Kilifi. Mwaka 2021 watafiti walichapisha habari za mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu aliyezikwa humo takriban miaka 78,000 iliyopita. Wameweza kujua umri wa udongo, kwamba shimo lilichimbwa kwa makusudi, kwamba mwili ulilazwa ubavu umekunjwa, na kwamba kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye. Waliomzika waliamini nini juu ya alikokwenda, hakuna kifaa cha kupima.

Mgongano wa kweli upo, na si haki kuuficha kwa maneno ya adabu. Uko kwa Adamu. Kanisa Katoliki limekuwa na msimamo tangu waraka wa Papa Pius XII wa mwaka 1950: asili ya mwili inaweza kuchunguzwa, roho huumbwa na Mungu, na mwaka 1996 Papa John Paul II akasema mageuko ni zaidi ya dhana. Makanisa mengi ya hapa hayasemi hivyo. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanashikilia kwamba Adamu aliumbwa moja kwa moja bila baba wala mama, na baadhi ya wa zama hizi wanakubali mageuko ya viumbe wengine wote huku wakimtoa yeye kama muujiza, au wanafanya tawakufu, yaani hawakubali wala hawakanushi kuhusu watu wengine ambao maandiko hayakuwataja.

Sayansi ina la kusema kwa baadhi ya misimamo hii, na kwa mingine haina. Akisema mtu kwamba binadamu wote walioko leo wametokana na watu wawili pekee walioishi miaka elfu chache iliyopita, na kwamba hapakuwa na mwingine, hilo linapimika, na jeni zetu zinalikataa: tofauti zilizomo zinahitaji wahenga waliokuwa maelfu. Akisema kwamba Adamu aliumbwa kwa muujiza na kizazi chake kikachanganyika na watu waliokuwepo, hakuna kipimo cha damu kitakachomuunga mkono wala kitakachompinga, na mwanabiolojia anayemcheka hapo anacheka kama mtu wa kawaida, bila cheti chake. Ni usomaji upi kati ya hiyo miwili ambao maandiko yanautaka, hilo ni suala la tafsiri, na wenye kulijibu ni masheikh na wachungaji kwa vitabu vyao.